Ndugu Wawili, Kiti Kimoja: Uanze na Kisa Kipi cha Watawala wa Kigaeli?

Habari za watawala wa Kigaeli wa zama za kati, yaani watu wa lugha ya Kigaeli wa Ayalandi na magharibi ya Uskoti, zimejaa ndugu waliogombania kiti. Ukijaribu kuzifuata zote utapotea. Majina yanajirudia kila kizazi, akina Aedh, Conn na Domnall wamejaa kila mahali, na kabla hujamfahamu mmoja utasikia ameshauawa. Ni afadhali uchague kisa kimoja, ukisome hadi uwajue watu wake, ndipo uhamie kingine. Hapa ninalinganisha visa vitatu: cha Kisiwa cha Man kati ya 1187 na 1229, cha Connacht kati ya 1228 na 1235, na cha Tír Eoghain kati ya 1493 na 1567. Nitagusia na cha nne, kwa kuwa bila hicho huenda ukadhani kila ugomvi wa namna hii uliishia kaburini. Mimi ningemwanzisha mtu na Man. Hata hivyo wapo wasomaji ambao ningewaelekeza kwingine moja kwa moja, na nitasema ni akina nani.

Kwanza, desturi yenyewe. Kwa Wagaeli, kuzaliwa wa kwanza hakukumpa mtu kiti. Wanaume wa ukoo unaotawala, kwa kawaida wale wanaotokana na baba wa babu mmoja, wote walistahili kuchaguliwa. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ya kanisa naye alihesabiwa, ilimradi baba yake amemkubali. Mtawala angeweza kuwa na mrithi mteule aliyeitwa tánaiste, lakini uteuzi huo ulikuwa na maana kama tu mteuliwa ana watu wa kuulinda. Tena watoto wa watawala mara nyingi hawakukulia nyumbani. Walipelekwa kulelewa na koo nyingine, na ndugu hao wa kulea wakawa karibu nao kuliko ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo ndugu wawili walipokabiliana, kila mmoja alikuja na haki yake mkononi. Wanaozieleza habari hizi kwa kusema tu kwamba Wagaeli walikuwa watu wa fujo hawajatazama vizuri. Cha kuuliza ni nani amesimama nyuma ya huyu na nani amesimama nyuma ya yule: wajomba, walezi, wakwe, maaskofu, au mfalme wa nchi nyingine. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia katika ulinganisho huu. Kisa kizuri cha kuanzia ni kile kinachokuonyesha watu hao kwa uwazi zaidi.

Man: Ragnall na Olaf

Kisiwa cha Man kiko katika bahari inayotenganisha Ayalandi na Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 12 wafalme wake walitawala pia visiwa vya Hebrides, magharibi ya Uskoti. Asili ya ukoo huo ni Wanorwei, ila damu na lugha zilikuwa zimechanganyika na za Wagaeli kwa vizazi. Ragnall alitungiwa shairi la sifa kwa Kigaeli. Finnguala, mama yake Olaf, alikuwa mjukuu wa Muirchertach Mac Lochlainn, aliyewahi kuwa mfalme mkuu wa Ayalandi. Atakayesema huu haukuwa utawala wa Kigaeli mtupu atakuwa amesema kweli, na kama hilo linakusumbua, nenda Tír Eoghain.

Mfalme Godred alifariki mwaka 1187. Alikuwa amemteua Olaf awe mrithi, kwa sababu huyo ndiye aliyetokana na ndoa iliyobarikiwa na kanisa. Lakini Olaf alikuwa mtoto wa miaka 10. Watu wa Man wakamwita Ragnall kutoka visiwani, kaka mkubwa aliyezaliwa nje ya ndoa hiyo, mtu mzima mwenye nguvu zake, wakamtawaza. Olaf alipokua akapewa kisiwa cha Lewis, nchi ya milima na mawe ambayo wakazi wake wachache waliishi kwa kuwinda na kuvua.

Tukio linalofuata ndilo linalonifanya nikipende kisa hiki. Olaf alikuja kwa kaka yake kulalamika. Kumbukumbu za watawa wa abasia (nyumba ya watawa) ya Rushen, iliyokuwa Man kwenyewe, zinaeleza alichosema: kwamba ufalme ulikuwa haki yake, lakini kwa kuwa Mungu amemjalia Ragnall, yeye hana kinyongo. Anachoomba ni ardhi ya kumtosha aishi na watu wake kwa heshima, maana Lewis haimtoshi. Ragnall akamjibu kwamba atashauriana na wazee kisha atampa jibu. Kesho yake Olaf alikamatwa, akafungwa, akapelekwa kwa William, mfalme wa Uskoti. Alikaa kifungoni karibu miaka saba, hadi William alipofariki mwaka 1214 na wafungwa wakaachiwa.

Msomaji angetarajia Olaf atoke akitafuta kisasi. Hakufanya hivyo. Alirudi Man, akaenda kuhiji Santiago huko Hispania, akarudi tena, na Ragnall akampokea kwa amani. Akamwoza dada wa mke wake mwenyewe, akamrudisha Lewis. Ndoa hiyo ndiyo iliyowasha moto. Askofu wa visiwa, ambaye alikuwa mtoto wa dada yake Olaf, alitamka kwamba ndoa ni batili, kwa kuwa mke huyo alikuwa na udugu na mwanamke ambaye Olaf alikuwa naye hapo awali. Olaf akamwacha, akamwoa Cristina, binti wa Ferchar wa Ross, mkuu mwenye nguvu kaskazini ya Uskoti. Kwa hatua hiyo moja, yule ndugu asiyekuwa na mtu akawa na mkwe mwenye jeshi.

Malkia, mke wa Ragnall, aliona dada yake amedhalilishwa. Akaandika barua ya siri kwa jina la mumewe, akaipiga muhuri wa mfalme, akaituma kwa mwanawe Godred aliyekuwa kisiwa cha Skye: amkamate Olaf, amuue. Godred akaenda Lewis na watu wake. Olaf aliponea chupuchupu, akatoroka kwa mashua ndogo hadi kwa baba mkwe. Huko akajiunga naye Páll Balkason, mkuu wa Skye, ambaye hakutaka kushirikiana na Godred. Mwaka 1223 walirudi pamoja, wakamkamata Godred, wakamtoboa macho na kumhasi. Kumbukumbu zinadai kwamba Olaf hakuridhia, ila hakuweza kumzuia Páll.

Mwaka 1224 Olaf alitia nanga Ronaldsway, Man, akiwa na merikebu 32. Wakagawana: Ragnall abaki na Man na jina la mfalme, Olaf achukue sehemu yake ya visiwa. Huenda ingedumu. Ragnall akaenda kwa Alan, mtawala wa Galloway ng'ambo ya bahari, wakajaribu pamoja kumnyang'anya Olaf visiwa vyake. Watu wa Man wakagoma kupigana na wenzao. Kisha Ragnall akachukua kwao marki 100, fedha za wakati huo, kwa kisingizio kwamba anakwenda kumwona mfalme wa Uingereza, kumbe alikwenda kwa Alan kumwoza binti yake kwa mwana wa Alan. Hapo watu walichoka. Mwaka 1226 wakamwita Olaf, wakamfanya mfalme. Tazama vizuri hapa: watu walewale waliomkataa akiwa mtoto ndio waliomleta.

Ragnall hakukata tamaa. Mwaka 1228 alirudi na Alan, wakaipora na kuichoma sehemu ya kusini ya kisiwa. Majira ya baridi yaliyofuata akaja tena usiku wa manane na merikebu tano tu, akazichoma merikebu zote za Olaf zilizokuwa kwenye kisiwa cha Mtakatifu Patrick. Akakaa kusini siku zipatazo 40 akiomba suluhu na kuwavuta watu, na wengi wakaapa watapigana mpaka apate nusu ya ufalme. Februari 14, 1229, pande mbili zikakutana Tynwald, mahali pa baraza la kisiwa. Ragnall aliuawa hapo. Inasemekana Olaf hakujua, lakini waliomuua hakuwahi kuwaadhibu. Watawa wa Rushen waliuchukua mwili wakauvusha bahari hadi abasia ya Furness huko Uingereza, wakauzika mahali ambapo Ragnall mwenyewe alikuwa amepachagua.

Udhaifu wa kisa hiki uko kwenye ushahidi. Karibu yote niliyoyasimulia yametoka katika mkono mmoja, wa watawa walioandika katikati ya karne ya 13 wakati wana wa Olaf wanatawala. Ndiyo maana kila jambo baya la upande wa Olaf lina utetezi kando yake: hakuridhia, hakujua, hakuweza kuzuia. Ragnall aliyesalia katika maandishi mengine ni mkubwa kuliko huyu. Mwaka 1219 alikiweka kisiwa chake chini ya Papa Honorius III, akawa anakishika kwa niaba ya Kanisa la Roma, hatua ya mtu anayejua kutafuta mgongo wa kuegemea. Kwa mwalimu, upendeleo huo ni faida. Ni rahisi kumwonyesha mwanafunzi mahali ambapo mwandishi ameegemea upande.

Tír Eoghain: watoto wa O'Neill

Kisa hiki ni cha vizazi vitatu, kaskazini ya Ayalandi, katika utawala wa akina O'Neill ambao leo eneo lake linaitwa Tyrone. Mwaka 1493 Conn Mór O'Neill aliuawa na ndugu yake, Henry Óg. Mwaka 1498 wana wa Conn Mór wakamuua ami yao huyo kulipiza damu ya baba. Mmoja wao, Conn Bacach, yaani Conn kiwete, aliishia kuwa mtawala mwaka 1519.

Ukiishia hapo, utakuwa umesoma ugomvi wa kawaida. Uzito unakuja mwaka 1542, Conn Bacach alipokwenda Greenwich mbele ya Henry VIII, mfalme wa Uingereza, akaliacha jina la O'Neill kama cheo cha utawala na kuikabidhi nchi, kisha akarudishiwa kama Earl wa Tyrone, cheo cha Kiingereza. Kwa sheria ya Kiingereza sasa alipaswa awe na mrithi mmoja aliyeandikwa. Akamtaja Matthew, aliyejulikana pia kama Feardorcha, akapewa cheo cha Baron wa Dungannon. Matthew alikuwa amekulia Dundalk katika nyumba ya mhunzi aitwaye Kelly. Mama yake alimleta kwa Conn akiwa tayari kijana, akasema huyu ni wako, na Conn akamkubali kama desturi ilivyoruhusu. Shane, mwana wa Conn wa ndoa na mdogo kwa umri, alikataa.

Hoja za Shane ni somo tosha kwa mwanafunzi wa sheria. Alisema baba yake hakuwa na mamlaka ya kuikabidhi nchi, maana aliishika kwa uhai wake tu na wenyewe ni ukoo mzima. Akasema tena kwamba hata kwa sheria ya Kiingereza, Matthew alizaliwa katika ndoa ya mhunzi, kwa hiyo ni mtoto wa mhunzi. Na kwa sheria ya Kigaeli, yeye Shane ndiye aliyechaguliwa. Alizitumia sheria mbili zisizopatana, na zote mbili akazifanya zimtetee.

Nyuma ya Matthew alisimama utawala wa Waingereza huko Dublin. Nyuma ya Shane walisimama akina O'Donnelly, waliomlea. Ndio waliomuua Matthew mwaka 1558. Conn mzee akakimbilia kwa Waingereza, akafa mwaka uliofuata, na Shane akatwaa jina la O'Neill. Januari 1562 aliingia London na walinzi wake, galloglas (askari wa kukodi wa Kigaeli) wenye mashoka, vichwa wazi, nywele ndefu zilizosokotana, mashati yaliyotiwa rangi ya zafarani. Akajitupa chini mbele ya Elizabeth I, akazungumza Kigaeli. Watu wa London walijipanga kutazama. Malkia hakumpa cheo cha baba yake, lakini alimwacha arudi kwao.

Mwaka 1565 Shane aliwapiga akina MacDonnell wa Antrim, kaskazini-mashariki ya Ayalandi. Mei 8, 1567 naye akapigwa na akina O'Donnell huko Farsetmore, jeshi lake likamalizwa na kuzama mtoni. Akiwa hana pa kwenda akawaendea walewale MacDonnell aliokuwa amewaumiza miaka miwili kabla. Walimuua Cushendun Juni 2, na kichwa chake kikapelekwa Dublin. Hugh, mwana wa Matthew aliyelelewa chini ya ulinzi wa Waingereza, ndiye aliyekuja kusimikwa Tullyhogue, mahali pa kuwatawazia akina O'Neill, mwaka 1595 na kupigana vita vikubwa kuliko vyote vya Ayalandi dhidi ya Elizabeth.

Kama unasoma sheria, siasa ya ukoloni, au unataka kujua namna dola inavyoingia ndani ya familia kwa kumwandika mrithi, anzia hapa, bila kupitia Man kwanza. Barua na ripoti zimesalia nyingi. Tahadhari ni mbili. Nyingi ziliandikwa na maadui wa Shane, na hazina huruma naye. Tena mwaka 1567 zama za kati zilikuwa zimeshapita kwa hesabu ya nchi nyingi za Ulaya, kwa hiyo mwenye mada inayosema "zama za kati" atalazimika kueleza kwa nini ameichukua.

Connacht: wana wa Ruaidrí

Huku ni magharibi ya Ayalandi. Ruaidrí Ua Conchobair, mfalme mkuu wa mwisho wa Ayalandi, alifariki mwaka 1198. Mwaka 1228 kiti cha Connacht kilikuwa wazi, baada ya Aedh mwana wa Cathal kuuawa kwa shoka la seremala katika nyumba ya Geoffrey de Marisco, mwakilishi wa zamani wa mfalme wa Uingereza. Wana wawili wa Ruaidrí wakakigombania: Toirdelbach mkubwa na Aedh mdogo, huyu Aedh akiwa mwingine kabisa. Kumbukumbu za Kiayalandi zinasema mdogo hakukubali kumtii mkubwa, na kati yao wakaiangamiza Connacht. Zinataja makanisa yaliyoporwa, njaa isiyovumilika, mapadri na wataalamu wa elimu ya jadi waliofukuzwa hadi nchi za mbali, wengine wakifa kwa baridi na njaa.

Aliyeshinda ni mdogo, kwa sababu alikuwa na Richard de Burgh, bwana Mnormani wa upande wa Uingereza, ambaye mfalme Henry III alikuwa ameshamwandikia Connacht iwe milki yake mwaka 1227. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. De Burgh alichukua nchi. Aedh alipomgeuka mwaka 1230, de Burgh alimweka binamu yake Aedh, Felim. Mwaka 1231 akamfunga Felim, kisha akamrudisha Aedh. Mwaka 1233 Felim akiwa huru alimuua Aedh na kubomoa ngome za de Burgh. Mwaka 1235 de Burgh akaja na jeshi kubwa, akaiteka Connacht, na Felim akabakiwa na kipande tu katika sehemu za Roscommon ya leo.

Kwa kipimo changu kisa hiki ni chembamba. Nyuma ya Aedh na nyuma ya Felim unamkuta mtu yuleyule mmoja, na ndugu wenyewe hawasikiki wakisema lolote. Usikianze kama huna mchoro wa ukoo karibu yako, maana Aedh huyu na Aedh yule watakuchanganya. Lakini hakuna kingine kati ya hivi kinachotaja kwa uwazi kama huu walioumia bila kugombea chochote.

Na kile kisichoishia kwa mauaji

John wa Islay, Bwana wa Visiwa huko magharibi ya Uskoti, alikuwa na wana wa wake wawili. Mke wa pili, Margaret Stewart, alikuwa binti wa aliyekuja kuwa mfalme Robert II. John alipofariki katika miaka ya 1380, Ranald, mkubwa wa wana wa mke wa kwanza waliokuwa hai, alimkabidhi utawala mdogo wake Donald, mwana wa Margaret, mbele ya watu katika kisiwa cha Eigg. Mwenyewe alikuwa na ardhi yake tele, aliyopewa na baba. Kisha Iain Mór, ndugu wa baba na mama wa Donald, akaasi kwa kuona fungu lake ni dogo, akiungwa mkono na abate, mkuu wa watawa, wa Iona. Akashindwa, wakapatana, akapata ardhi Islay na Kintyre. Akamwoa Marjory Bisset, mrithi wa mabonde ya Antrim kule Ayalandi.

Uzao wa Iain Mór ndio MacDonnell wa Antrim, waliomuua Shane O'Neill mwaka 1567. Ndiyo maana mwenye nafasi ya visa viwili ningemwambia asome hiki mara tu baada ya Tír Eoghain, japo kwa miaka kinatangulia. Atakapofika Cushendun atakuwa anawajua wenye nyumba.

Mwenye nafasi ya kisa kimoja tu, kwa ajili ya simulizi, mchezo wa redio au somo la darasa la vijana, achukue Man: kina malkia na barua, askofu mpwa, mkwe, na wananchi wanaobadili uamuzi wao. Mwenye insha ya sheria au ukoloni achukue Tír Eoghain. Anayeandika kuhusu njaa na raia wakati wa vita achukue Connacht, aanze na mwaka 1228, na mchoro wa ukoo auweke ukurasa wa kwanza.